Hotuba kwa Viongozi wa Elimu Waliokutana Kinindo



Wengine mmetoka Bwagiriza, wengine Musasa, wengine mnaishi hapa Bujumbura, na leo tuko pamoja katika kartiye hii ya Kinindo, karibu na ziwa, tukijifunza kuongoza kazi ya kuwasaidia maskini kwa elimu.

Naomba niseme jambo moja linalotuuma. Tunawafundisha viongozi, halafu tunabaki bila viongozi. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima anapata cheti, kisha anapata kazi mjini. Wengine walipata safari ya Marekani kabla nchi hiyo haijasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, Januari 2025. Hatuwalaumu, nani kati yetu angekataa? Lakini ufunguo wa darasa, daftari la hesabu na majina ya wanafunzi vilikuwa kwa mtu mmoja. Anaondoka, na akina mama waliokwisha kujua kuandika majina yao wanarudi nyumbani.

Wenzetu wa Bwagiriza wanaijua Ruyigi. Pale, tarehe 24 Oktoba 1993, watu 72 waliuawa katika makao ya askofu. Bibi Marguerite Barankitse, aliyekuwa amewahi kuwa mwalimu, aliokoa watoto 25, na ndipo Maison Shalom ikazaliwa. Hakuishia kuwalisha yatima. Watoto walipewa nyumba, ndugu kwa ndugu, wakubwa wakiwatunza wadogo, wakasoma na kujifunza ufundi. Mwaka 2015 kazi ya shirika hilo nchini ilisimamishwa, naye akawa mkimbizi kama sisi, huko Rwanda. Lakini kazi haikufa: iliendelea Kigali na katika kambi ya Mahama, kwa Warundi waliokimbia. Majengo yalibaki Ruyigi. Kilichovuka mpaka ni watu waliokuwa wanajua kazi.

Basi mafunzo yetu yaangalie hapo. Kila darasa liwe na viongozi wawili, na mmoja wao awe mwanamke, maana ndio wanaojua ni mtoto gani ameacha shule ili achote maji. Daftari la fedha lisomwe kwa sauti mbele ya wazazi kila mwezi, hata kama ni franka chache za chaki. Na uchaguzi wa wanaokuja mafunzoni ufanyike hadharani. Ndugu wajumbe, tusifichane: watu kambini wananung'unika kwamba majina hutoka katika familia zilezile.

Kwenu watumishi wa mashirika nina ombi. Mnapomchukua mtu wetu aliyefunzwa awe mkalimani au karani wenu, mtuarifu mapema, tupate muda wa kumwandaa mwingine. Na msituletee mafunzo ya siku tatu yenye posho na picha, kisha msirudi tena kuona kama darasa lipo.

Kesho jioni magari yanarudi kambini. Kabla ya kupanda, kila mmoja amwandikie katibu jina la mtu wa pili atakayeanza kumfundisha wiki ijayo.