Vijana Nao Waulizwe

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, ninaiusia nafsi yangu pamoja nanyi kumcha Mwenyezi Mungu. Sisi wazee, tukiketi barazani, lawama yetu ni moja: vijana wa siku hizi hawasikii la mkuu. Wanaiacha migomba, mikarafuu na midalasini ya Matombo, wanakwenda kutembeza bidhaa Kariakoo. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini kabla ya kulaumu yatupasa kujiuliza: je, vijana hawa hushauriwa, au huamrishwa tu?

Tukumbuke yaliyotokea hapa hapa Matombo mwaka 1955. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ya milima. Nia iliyotajwa ilikuwa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kuhifadhi maji ya mto Ruvu, ambayo hata leo hunywewa Dar es Salaam. Lakini wakulima hawakusikilizwa. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi uchimbaji uliufukia udongo wenye rutuba, ukatoa juu udongo dhaifu. Watu wakakataa, zikazuka ghasia, mtu mmoja akauawa. Baadaye amri ile ikaachwa. Waliokataa siku ile ni baba zetu na babu zetu, nasi twawasifu. Basi vipi tumwite mtovu wa adabu kijana anayeomba naye asikilizwe?

Qur'ani Tukufu yatueleza kwamba Nabii Ibrahim (A.S.), alipooteshwa kumchinja mwanawe, hakumkamata kwa nguvu. Alimweleza aliyoyaona, akamtaka maoni yake. Amri ni ya Mungu, baba ni Mtume, na hata hivyo mtoto aliulizwa! Naye Mtume wetu (S.A.W.), mwishoni mwa uhai wake, alimkabidhi Usama bin Zaid uongozi wa jeshi, hali ni kijana asiyezidi miaka 20, na katika jeshi hilo wakiwamo masahaba wakubwa.

Enyi wazee wenzangu, ardhi ya ukoo, inayorithiwa kwa upande wa mama, imo mikononi mwetu, nayo ni amana. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Kijana asiyejua kama shamba litabaki kuwa lake, ataupanda kwa matumaini gani? Tuwagawie tungali hai, na tuwaite katika kikao cha ukoo kabla ya kukata shauri, si baada yake.

Nanyi vijana, kuulizwa si ruhusa ya kudharau. Mwana wa Ibrahim aliulizwa, akajibu kwa utii na subira. Msichome moto misitu inayotunza chemchemi zetu. Na mkienda mjini kutafuta riziki ya halali, msiiache sala, wala msiwasahau wazazi wenu.

Ewe Mola wetu, watie wazee wetu huruma na vijana wetu adabu, na utujaalie sote kuitunza amana yako. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.