Mawe ya Diani na Siku ya Kwanza

Leo twataka kuanza kwa kuungama.

Katika kikao kimoja cha vijana wetu, kijana wa kidato cha tatu alisimama na kipande cha jiwe mkononi. Lilikuwa jiwe lile lile tunalojengea nyumba zetu huku Kwale. Ukilitazama kwa makini utaona ndani yake matundu madogo madogo yaliyopangika kama sega la asali, na pengine ganda la chaza limenasa katikati. Kijana akasema, "Mwalimu ametueleza kwamba jiwe hili lilikuwa matumbawe hai chini ya bahari, miaka kama 125,000 iliyopita. Nayo Biblia yazungumza juu ya siku sita. Wazee wangu, nimwamini nani?"

Nasi tuliokaa mbele tulimjibu nini? Tulimwambia aketi. Mmoja wetu aliongeza kwamba maswali ya namna hiyo ni mlango wa Shetani. Kijana aliketi. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye, na sasa ni mwaka wa pili. Mama yake huja peke yake, na anapotusalimu mlangoni hatuna uso wa kumtazama.

Basi, tulichopaswa kumwambia siku ile, tukiseme leo.

Kwanza, mwalimu alisema kweli. Anayetembea ufuoni Diani wakati wa maji kupwa huona mambo mawili kwa pamoja. Mbele yake, kwenye mwamba, yako matumbawe yaliyo hai, kazi ya viumbe wadogo laini ambao kila mmoja hujijengea nyumba ya chokaa juu ya nyumba ya aliyekufa. Nyuma yake yamesimama matumbawe ya kale, magumu kama ukuta, yaliyojengwa kwa namna ile ile zamani bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Anayechimba msingi wa nyumba hukuta makombe ndani ya jiwe. Je, ni nani aliyeyaweka humo ili atudanganye? Mungu tunayemhubiri si mdanganyifu. Kama jiwe linasema ni la zamani sana, na tulisikilize.

Tuinue macho juu. Wakulima wamekitazama Kilimia tangu enzi za mababu ili wajue majira ya jembe. Mwanga wa nyota zile husafiri zaidi ya miaka 400 kabla ya kutufikia, maana yake ule tunaouona sasa uliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593. Na Kilimia ni jirani wa mlango wa pili! Ulimwengu wenyewe, wataalamu wanakadiria, una umri wa miaka bilioni 13.8.

Wengine wetu hudhani kwamba mambo haya yalibuniwa na watu wasiomcha Mungu. La hasha. Mmoja wa watu wa kwanza kueleza kwamba ulimwengu unatanuka, na kwamba ulianza mahali padogo mno, alikuwa padre wa Kikatoliki kutoka Ubelgiji, Georges Lemaître, katika maandishi yake ya mwaka 1927 na 1931. Kisha mwaka 1964 Wamarekani wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walisikia katika chombo chao cha kunasia mawimbi mvumo usiokoma, mchana na usiku, kutoka pande zote za mbingu. Walidhani chombo kimeharibika. Wakakisafisha hata mavi ya njiwa, na mvumo ukabaki. Ulikuwa ni mabaki ya joto la ule mwanzo. Sisi watu wa redio habari hiyo hutufurahisha kupita kiasi, mtuwie radhi.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Mwaka 1951 Papa Pius XII alizungumza kana kwamba sayansi hiyo imethibitisha uumbaji, na padre Lemaître hakupendezwa. Nasi twaona alikuwa na haki. Anayeegemeza imani yake kwenye hesabu za mwaka huu atafanya nini hesabu zikibadilika mwaka ujao?

Basi Kitabu cha Mwanzo kinajibu nini, ikiwa hakihesabu miaka? Tuwakumbushe jambo lililotokea hapa hapa pwani, ng'ambo ya Likoni. Mwezi wa Juni 1844, mmisionari Ludwig Krapf alianza kukitafsiri kitabu hicho kwa Kiswahili mjini Mombasa, akisaidiwa na kadhi Mwislamu. Hebu fikirini, Mkristo na Mwislamu wameketi pamoja, wakitafuta neno la kufaa kwa nuru na giza. Wote wawili walimkiri Muumba, kama nasi na majirani zetu Waislamu tunavyomkiri leo, na kama wazee wa kaya walivyomwomba Mulungu kabla hajafika mgeni yeyote.

Mwezi uliofuata, Julai, mke wa Krapf, Rosina, alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga naye akafariki. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mtu huyu alikuwa ametoka kuandika kwamba Mungu aliona kazi yake yote kuwa njema, na sasa yuko katika msiba. Je, mtu katika hali hiyo huuliza dunia ina miaka mingapi? Huuliza dunia ni ya nani, na kama aliyeiwasha nuru bado anamwona. Hilo ndilo swali ambalo Mwanzo kimeandikwa kulijibu. Lile la miaka limeachwa kwa mawe na nyota, na kwa vijana wenye akili za kuyachunguza.

Mwanetu, kama mama ameifungua redio na uko karibu, tunakuomba radhi mbele ya watu wote wanaotusikiliza. Jiwe lako uliliacha chini ya benchi siku ile. Mmoja wetu aliliokota, na lipo kabatini, kando ya vitabu vya nyimbo. Jumapili hii tutakuwapo baada ya ibada, chini ya mwembe. Njoo ulichukue jiwe lako. Tena ulikuwa unaanza swali la pili tulipokukatiza, na hilo hatujalisikia bado.