UPEPO WA KISIWANI NI MALI YA NANI?

Maneno yaliyosemwa na wafanya kazi wa reli katika mkutano wa tawi



Katika mkutano uliopita wenzetu wanaotoka Marsabit waliuliza swali, na sisi wa reli tuliahidi kulijibu. Walisema: mitambo ya upepo ikija kwenye malisho ya watu, wenyeji wapata nini? Leo tutasema habari za visiwa vya Ulaya, maana huko mambo haya yameonekana tayari.

Kwanza ni Shetland, visiwa vilivyo kaskazini ya Scotland, vyenye watu 23,000 hivi. Wengi wa zamani ni wavuvi na wafugaji wa kondoo. Kwenye kisiwa chao kikubwa imejengwa mitambo 103. Kila mmoja, ncha ya panga ikiwa juu, wafika mita 155. Jumba la KICC pale Nairobi halifiki huko. Shamba hilo laitwa Viking, nguvu yake ni megawati 443, na lilianza kazi mwaka 2024.

Watu hao si wageni wa mapatano. Mafuta yalipopatikana baharini, halmashauri yao ilikwenda London ikapata sheria yake yenyewe mwaka 1974, hata makampuni ya mafuta hayakuwa na budi kupatana nayo juu ya bandari ya Sullom Voe. Fedha zikatiwa katika Mfuko wa watu, zikasaidia wazee na kujenga majumba ya michezo. Hapo twawavulia kofia.

Basi ulipokuja upepo, mpango wa kwanza ulikuwa Mfuko huo ushirikiane na kampuni ya SSE. Lakini wenyeji waligawanyika. Wengine walisema fedha zitakuja. Wengine walisema vilima vitaharibika, maana udongo wake ni ule mweusi wa kinamasi ambao wazee wao walikata, wakaukausha, wakauchoma kama kuni. Kikundi cha wapinzani kilikwenda mahakamani kwa ajili ya ndege aina ya sululu, yule mwenye mdomo uliopinda ambaye hata sisi twamwona pwani maji yakipwa. Wakashindwa katika mahakama ya juu kabisa mwaka 2015. Tena Mfuko haukutia mtaji wa kujenga, na mwaka 2019 kampuni ikabaki mwenye mali peke yake.

Sasa jamii hupewa zaidi ya pauni milioni 2 kila mwaka. Si fedha kidogo, tusidharau. Lakini kupewa si kumiliki. Mwenye hisa huingia katika chumba cha hesabu. Mwenye kupewa hungoja mlangoni.

Umeme wenyewe hupita katika waya chini ya bahari, kilomita 260, kwenda bara. Na hapa sisi wa reli twaelewa upesi. Huko bara laini zimejaa, kama treni nyingi kwenye reli moja. Upepo ukivuma sana mitambo huamriwa isimame, na kampuni hulipwa kwa kusimama huko. Fedha hizo hatimaye huingia katika bili za watumiaji wa umeme, hata bibi kizee wa Shetland anayewasha moto karibu mwaka mzima kwa ajili ya baridi. Sisi treni ikizuiliwa na taa nyekundu, hatumwongezei abiria nauli!

Msidhani haya ni ya wazungu tu. Kampuni ya Vestas ya Denmark iliyotengeneza mitambo ya Viking ndiyo iliyotengeneza ile 365 ya kwetu, karibu na Loiyangalani. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, na laini ya kuja Suswa ikamalizika mwaka 2018. Ni kununua injini kabla ya kutandika reli. Na ile ardhi, ekari 150,000? Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati zake hazikupatikana kwa njia ya sheria.

Kisiwa cha pili ni Samsø, huko huko Denmark, watu hawapati 4,000. Mwaka 1997 kilishinda mashindano ya serikali ya kutafuta kisiwa kitakachojitegemea kwa nguvu zisizo za mafuta. Walianza kwa mikutano na ubishi, kama huu wetu. Mwaka 2000 mitambo 11 ikasimama nchi kavu: 9 ya wakulima, na 2 ya wenyeji wa kawaida walionunua hisa pamoja. Baadaye ikaja mingine 10 baharini, na 5 kati yake ikawa ya halmashauri. Hatusemi ni peponi. Kununua hisa kulitaka fedha au mkopo, na mkopo wa benki twaujua sote. Hata hivyo panga lilipozunguka, mwenyeji alijua lazunguka kwa ajili yake pia.

Basi, wenzetu wa Marsabit, mkiona watu wanasimamisha mlingoti wa kupima upepo malishoni, wakati wa kuuliza habari za hati na hisa ni ule ule. Mitambo ikiisha kusimama, mtaulizwa tu kama mwataka kisima au darasa. Daftari la ushirika wetu wa akiba liko hapa mezani. Anayetaka kuona jinsi hisa zinavyoandikwa na aje tukimaliza. Sasa maswali, Ndugu Mwenyekiti.