MAZUNGUMZO: KITUO CHA ZIMAMOTO NA GARI LAKE KATIKA MJI WA KISIWANI



Mji ulio kisiwani hauna jirani wa kumwita unapoungua. Mji wa bara huweza kuletewa magari ya zimamoto kutoka wilaya ya pili kwa njia ya barabara. Mji wa kisiwani hutegemea vyombo vilivyomo na watu waliomo saa ile ile moto unapozuka. Kwa sababu hiyo kituo kijengwe wapi, gari liwe la namna gani, na amri itoke kwa nani, ni mambo yanayomhusu kila mkaazi wala si mafundi peke yao.

Upo mfano wa zamani unaostahili kuelezwa kwa urefu. Kisiwa cha Nantucket kipo Marekani, kiasi cha kilomita 48 kusini ya Cape Cod, katika jimbo la Massachusetts, jimbo ambalo merikebu zake za bandari ya Salem zilikuwa zikija Unguja katika karne ya 19 kununua pembe na sandarusi. Watu wa Nantucket waliishi kwa kuvua nyangumi. Nyumba zao nyingi zilikuwa za mbao, zimebanana, na bandarini yalipangwa mapipa ya mafuta ya nyangumi. Usiku wa tarehe 13 Julai 1846, katika majira ya ukame, moto ulianza ndani ya duka la kofia katika barabara kuu ya mji.

Mji huo haukuwa bila ya zimamoto. Vilikuwapo vikundi vya watu wa kujitolea, na pampu zilizoendeshwa kwa nguvu za mikono, wanaume wakisimama pande mbili na kuzisukuma. Husimuliwa huko kwamba vikundi viwili vilivyotangulia kufika vilibishana ni kipi kipate heshima ya kuuzima moto, na wakati wakibishana moto ukatoka dukani. Baada ya hapo heshima haikuwa na wa kuigombea. Baadhi ya nyumba zililipuliwa kwa baruti ili moto ukose njia, moto ukazivuka. Ulipofika bandarini mapipa yakapasuka na mafuta yakawaka juu ya maji. Hata kulipopambazuka yalikuwa yameteketea majengo zaidi ya 250, karibu theluthi ya mji. Kwa rehema hakuna aliyepoteza maisha, lakini wakuu wa mji walilazimika kuandika waraka wa kuomba msaada kwa watu wa bara, maana hata vyakula vilikuwa vimeungua.

Biashara ya nyangumi ilikuwa imeanza kudhoofika kwa sababu nyengine pia, na haingekuwa haki kuutupia moto lawama zote. Hata hivyo mji ambao mwaka 1840 ulikuwa na watu zaidi ya 9,000 ulibaki na watu wapatao 4,100 ilipofika mwaka 1870. Maduka yalijengwa upya kwa matofali, na vibanda vya magari ya mipira viliwekwa karibu na makaazi ili watu wayakokote wenyewe mara kengele inapolia. Kimoja cha mwaka 1886 kimehifadhiwa hadi leo katika mtaa wa Gardner. Ni kibanda kidogo mno; ubora wake ulikuwa ni ukaribu wake.

Mji Mkongwe wa Zanzibar umejengwa kwa mawe na chokaa, na wako wanaodhani kwamba kwa hivyo hauungui. Kuta haziungui, bali dari zimelazwa juu ya boriti, na boriti zikishika moto dari huanguka pamoja na vyote vilivyo juu yake. Gari kubwa la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5. Vichochoro vingi vya Hurumzi na Mkunazini havifiki kipimo hicho. Mtu akinyoosha mikono yake huzigusa kuta za pande zote mbili. Gari litasimama Darajani au Mizingani, na kitakachoingia ndani ni mpira. Sifa ya gari hapo si ukubwa wake. Ni urefu wa mipira iliyobeba, na wepesi wa pampu ndogo inayoweza kuchukuliwa na watu wawili.

Jambo la pili ni maji. Gari lenye tangi la lita 3,000, likitoa lita 500 kwa dakika, limekwisha maji katika dakika 6. Baada ya hapo hutegemea bomba la zimamoto lililo kando ya njia, na bomba hilo halina faida ikiwa juu yake limeegeshwa gari la mtu au limepangwa meza la muuza nguo. Maji ya bahari yapo karibu na hutumika panapokuwa na dharura, lakini ni lazima pampu isafishwe kwa maji ya baridi mara baada ya kazi, ama sivyo chumvi huila.

Na amri ni ya mmoja. Ofisa wa zimamoto anapofika, wote waliotangulia kumwaga maji, wawe vijana wa mtaa au walinzi wa hoteli, hufuata maagizo yake.

WANANCHI WANAKUMBUSHWA kwamba namba ya simu ya Zimamoto ni 114. Anayepiga ataje mtaa, jengo lililo maarufu karibu yake, na njia ambayo gari linaweza kufika. Asikate simu mpaka aambiwe. Kisha mtu mmoja apelekwe kwenye barabara kubwa, asimame hapo alipokee gari na kuwaongoza askari kwa miguu hadi penye moto.