Kazi Iliyoingia Sebuleni



Katika ziara zetu za kuzitembelea familia za kigango kimoja kilicho pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, tulibisha hodi kwenye nyumba fulani siku ya Jumatano, yapata saa tisa alasiri, tukiwa pamoja na katekista wa mahali pale. Mlango ulifunguliwa na mtoto wa miaka sita hivi. Alitusalimu kwa adabu, "Shikamoo Padre," kisha akaweka kidole mdomoni. Tulipomwuliza kama baba yupo, akatunong'oneza: "Baba yuko kazini." Nasi wakati huohuo tulikuwa tukiisikia sauti ya huyo baba kutoka nyuma ya pazia la sebule, akizungumza na watu wa mbali kwa njia ya kompyuta yake. Mtoto hakusema uongo. Alituongoza hadi chini ya mwembe alipokuwa ameketi bibi yake, na huko tukawakuta watoto wengine wawili na mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa amelihamishia jiko lake la mkaa nyuma ya nyumba, kwa sababu mlio wa sufuria ulikuwa ukisikika ofisini kwa mumewe.

Hatukwenda pale kumhukumu mtu, na wala leo hatumhukumu. Baba yule kwa miaka mingi alikuwa ameamka saa kumi usiku ili awahi daladala ya kwenda mjini, na kurudi saa tatu usiku watoto wakiwa wamekwisha kulala. Wakazi wa Mbagala, wa Gongo la Mboto na wa Mbezi hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Ni kweli kwamba tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kubeba abiria, yakipita katika njia yake yenyewe kati ya Kimara na Kivukoni, na kwenda Morocco na Gerezani, wapo waliopunguziwa safari. Hata hivyo, kusimama kituoni huku basi la tatu likipita limejaa ni sehemu ya maisha ya wafanyakazi wetu wengi. Mtoto wa kwanza wa baba huyu, bibi alituambia, alikuwa akimfahamu baba yake siku za Jumapili tu.

Basi, ugonjwa wa korona ulipoingia, mambo yakageuka. Kule Kenya, tarehe 15 Machi 2020, serikali iliwataka waajiri wawaruhusu watu wao wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma muhimu. Kwetu Tanzania mgonjwa wa kwanza alitangazwa siku iliyofuata, na ijapokuwa nchi haikufungwa, baadhi ya ofisi ziliwarudisha watu wake majumbani. Wengine waliitwa tena baada ya miezi michache; wengine, kama baba yule, hawakuitwa tena isipokuwa siku moja au mbili katika wiki. Na wasikilizaji wetu wa Dar es Salaam watakumbuka jinsi mwishoni mwa Januari 2025, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana jijini kuzungumzia nishati na barabara kadhaa zikafungwa, watumishi wa umma walivyoelekezwa kufanyia kazi nyumbani kwa siku mbili, ila wale ambao kazi zao haziwezi kufanyika bila wao kuwapo. Jambo lililokuwa geni mwaka 2020 lilikuwa limekwisha kuwa agizo la kawaida.

Nani asingefurahi? Nauli inabaki mfukoni. Usingizi unaongezeka. Baba anakula chakula cha mchana cha moto, mezani pake mwenyewe. Lakini tulipokuwa chini ya mwembe ule, tulijiuliza swali ambalo hatujaacha kujiuliza: ikiwa mtu huyu hailipi tena gharama ya safari, ni nani anayelipa gharama ya ofisi iliyoingia sebuleni? Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu. Walilipa watoto waliofukuzwa ndani ya nyumba yao wenyewe mchana kutwa. Alilipa mama kwa moshi na jua. Na alilipa bibi, ambaye redio yake ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. (Alitueleza hilo kwa uchungu kuliko mengine yote, nasi tunaozungumza nanyi kwa njia ya redio tulimwelewa.)

Turudi sasa kwenye Maandiko. Katika sura ya 18 ya Matendo ya Mitume, Mtume Paulo anatoka Athene na kufika Korintho, naye anawakuta mume na mke, Akila na Prisila, waliokuwa wamehama Italia kwa sababu Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi waondoke Roma. Walikuwa mafundi wa kushona mahema, na Paulo naye alikuwa wa ufundi huohuo. Akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Ni nyumba iliyokuwa karakana, na Mtume mwenyewe katika barua zake anataja kanisa lililokutana nyumbani mwa wawili hao. Kazi, chakula, mgeni na sala, vyote chini ya paa moja!

Wazee wetu wasingeshangaa. Seremala wa mtaani amechonga vitanda barazani pake siku zote, fundi cherehani ameshona kanzu na magauni huku akimbembeleza mtoto, na mvuvi ameketi mlangoni akitengeneza nyavu. Kutoka nyumbani alfajiri kwenda kukaa kwenye meza ya mtu mwingine hadi jioni ni desturi ambayo wengi wetu tuliipokea baadaye, pamoja na karani, saa ya ukutani na mshahara wa mwezi.

Lakini tutazame vema tofauti iliyopo. Fundi wa barazani hamfukuzi mtoto. Humpa kipande cha mbao ashike, na mtoto anajua baba anafanya nini. Jua likizama, msumeno unawekwa chini, maana hakuna mwanga. Na huko Korintho, siku ya Sabato ilipofika, Paulo aliliacha hema aliloshona akaenda sinagogi. Nyumba ya Akila haikuwa na ukuta kati ya kazi na maisha, lakini ilikuwa na siku ya kukoma. Kompyuta haimngoji jua. Simu inalia saa nne ya usiku, na mkuu wa kazi anaandika kwamba ni jambo dogo tu. Mtu aliyekuwa akitoka ofisini alikuwa na mlango wa kufunga na safari ndefu ya kuchosha, lakini safari hiyo ilikuwa ikimwambia kwamba kazi imekwisha. Sasa hana mlango, na hakuna amwambiaye.

Hapa yatupasa kusema neno kwa waajiri, kwa kuwa miongoni mwao wamo waamini wetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za mfanyakazi kuwa zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa siku zisizozidi 6. Tena imempa mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku ya kazi na siku ya kazi, na saa 24 za mapumziko kila wiki. Saa hizo hazikuandikwa kwa ajili ya jengo, ziliandikwa kwa ajili ya mtu. Anayemtumia mfanyakazi wake kazi usiku wa Jumamosi na kuitaka asubuhi ya Jumapili asijidanganye kwamba amemfanyia hisani kwa kumruhusu akae nyumbani. Wala umeme na vocha za intaneti zilizokuwa juu ya ofisi zisihamishiwe kimya kimya kwenye mfuko wa familia.

Yuko mtu mwingine ambaye tusipomtaja tutakuwa tumepunja. Ni msichana wa kazi. Yeye amefanyia kazi nyumbani tangu zamani, naye analala palepale anapofanyia kazi. Huamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Wengi wetu tuliolalamika mwaka 2020 kwamba kazi za nyumbani hazina mwisho, tulilalamika huku yeye akitupikia chai. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 kuhusu kazi za staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Ni vizuri makatekista wakiulizia katika jumuiya, nyumba kwa nyumba bila kuogopa, kama msichana huyo anapata nafasi ya kuja Misa.

Nanyi jamaa na majirani, mna sehemu yenu. Mtu akionekana nyumbani saa nne asubuhi, basi atatumwa kumpeleka mgonjwa, atasubirishwa fundi wa maji, ataombwa awaangalie watoto wa jirani, "kwa kuwa upo tu nyumbani." Kina mama wamelisikia neno hilo maisha yao yote. Wanaume waliorudishwa nyumbani walilisikia kwa mara ya kwanza, na wengine walikasirika sana. Tunathubutu kusema kwamba hasira hiyo iliwafaa, ikiwa iliwakumbusha mara ngapi wao wenyewe walimwambia mke wao hivyo.

Tena tusiidharau safari. Katika daladala watu husali rozari kimyakimya, husikia habari za mtaa, humpisha mzee aketi. Ofisini yuko mwenzako anayeona kwamba leo macho yako ni mekundu na kukuuliza kulikoni. Kwenye kompyuta unaweza kuzima picha na kulia peke yako. Na nje ya ofisi yuko mama lishe, ambaye chapati na supu yake vilitegemea miguu ya watu waendao kazini. Ofisi zilipobaki tupu, yeye hakuwa na kazi ya kuipeleka nyumbani. Kwa hiyo hatuwezi kuwaambia kwamba njia moja ni ya Mungu na nyingine siyo. Tunachowaomba ni kwamba kabla ya kuchagua, pale mtu anapopewa nafasi ya kuchagua, familia nzima iketi, na kila atakayelipa aulizwe, hata bibi.

Tulirudi kwenye nyumba ile baada ya miezi kadhaa. Redio ya bibi ilikuwa ikisikika tangu barabarani. Baba alikuwa amejitengea chumba kidogo cha uani kilichokuwa stoo ya magunia, na jiko limerudi mahali pake. Bibi alituelezea kwa kicheko desturi mpya ya mwanawe. Saa kumi na moja jioni huifunga kompyuta, huchukua mkoba wake, hutokea mlango wa nyuma na kutembea hadi dukani kwenye kona. Hununua mkate, kisha hurudi kwa mlango wa mbele na kubisha hodi kama mgeni. Mtoto yule aliyetufungulia sisi kwa kidole mdomoni hukimbia kumfungulia, akipiga kelele kwamba baba amerudi kutoka kazini, naye humpokea mkoba.

Tumsifu Yesu Kristo.