Piki-piki Kuukuu Isiyowaka

Jioni hii twataka kusema nanyi habari ya piki-piki iliyokwisha kuwa kuukuu, imelala bila kuwaka, na mwenyewe amesimama kando yake hajui kama auze mbuzi anunue kipande kipya. Huku kwetu Mwanza jambo hili si dogo. Mchukuzi akikwama kati ya Kayenze na soko la Mwaloni kule Kirumba, samaki hawamngojei.

Rafiki yetu mmoja alifikwa na hayo wakati wa masika. Fundi wa kwanza alimwambia koili imekufa. Akanunua koili, moto haukuja. Wa pili akasema ni sidiai, yaani kile kisanduku cheusi kipelekacho umeme kwenye koili kwa wakati wake. Akakinunua nacho, moto haukuja. Alipotufikia sisi alikuwa amekwisha kula fedha ya karo ya mtoto, na vile vipande vya zamani amevifunga katika kitambaa.

Basi, kabla ya kusema aliponaje, na tuitazame mashine yenyewe. Piki-piki nyingi za pande hizi zina injini iliyofanana na ile ya Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 na kuigwa sana na viwanda vya China. Ubavuni mwa injini mna gurudumu lenye sumaku, linalozunguka karibu na misokoto ya waya. Katika nyingi za namna hii msokoto mmoja hulisha plagi, na mingine hulisha taa na betri. Kwa hiyo betri yaweza kufa kabisa na injini ikawaka kwa kiki. Anayekimbilia kununua betri amepotea njia tangu mlangoni. Lakini ziko nyingine ambazo cheche yake hutoka katika betri, nazo zisipowaka betri ndiyo ya kutazamwa kwanza. Mjue yenu ni ya namna gani.

Fungueni plagi, irudisheni katika kofia yake, mwili wake wa chuma uguse injini, mbali na tundu ilimotoka na mbali na petroli. Piga kiki, mkitazama kivulini. Cheche ya samawati yenye kualika ni njema. Ikiwa nyekundu na dhaifu, au haipo, jaribuni plagi nyingine iliyo nzima, maana hiyo ndiyo rahisi kuliko vyote. Kisha vueni ile kofia, mshike waya wake mnene kwa koleo lenye mpini wa mpira, ncha ikae karibu sana na injini. Cheche ikitokea hapo, kofia ndiyo mbovu. Tahadharini msiushike kwa mkono mtupu. Umeme huo hurusha mtu.

Ikiwa bado hakuna, msinunue kitu. Utafuteni waya mweusi wenye mstari mweupe, unaotoka katika sidiai kwenda kwenye swichi ya ufunguo. Kazi yake ni kuzima: ufunguo ukifungwa, waya huo huupeleka umeme wa plagi katika chuma, na injini hufa. Uchomoeni, mpige kiki tena. Cheche ikija, koili ni nzima na sidiai ni nzima. Ubaya umo katika swichi au katika waya huo. Ndivyo ilivyokuwa kwa rafiki yetu. Maji ya samaki, yenye chumvi, yalikuwa yametiririka miezi mingi juu ya nyaya, yakaingia katika maungio, yakaota kutu ya kijani. Tuliyasugua kwa msasa, tukayakausha, tukayafunga upya. Haikugharimu hata kikombe cha chai. Vile vipande vipya muuzaji alikataa kuvirudisha.

Taa zina maradhi yao. Geuzeni usukani kushoto na kulia huku taa inawaka: ikifumba na kufumbua, waya umekatika ndani ya ngozi yake pale shingoni, ingawa kwa nje waonekana mzima. Kisha tengenezeni kipimo cha balbu ya volti 12 na nyaya mbili. Mmoja uguse upande wa kuongeza wa betri. Wa pili uguse kwanza upande wa kupunguza, kisha mwili wa injini. Pale pa pili balbu ikififia, waya wa kijani urudishao umeme betrini umelegea au umeliwa na kutu. Kwa mawazo yetu waya huo mmoja huwasumbua watu kuliko betri zote zilizouzwa mjini.

Mwenye mita na apime betri injini ikizunguka kwa kasi: volti 14 hivi ni sawa, zikipita 15, kidhibiti cha umeme kimeharibika, na betri itachemka. Zikibaki 12, haichajiwi.

Tena fyuzi ikikatika, tieni nyingine ya kipimo kile kile, si karatasi ya sigara wala uzi wa shaba. Ikikatika mara ya pili, tazameni chini ya tanki na chini ya kiti, mahali waya unapokwaruzana na chuma hata ukavuka ngozi.

Juma lijalo tutasema habari ya kabureta.