Mtoto wa Gredi ya Sita na Kitabu cha Kikundi

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Mmetuletea swali, na ni swali la pesa. Baadhi ya vikundi vinataka kutoa fedha kwenye mfuko wa kikundi ili watoto wa Gredi ya 4, 5 na 6 wafundishwe hesabu wakati wa likizo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo, kwa hivyo hapo jibu letu ni fupi. Lakini hata kama sheria ingeruhusu, tungeuliza kwanza: pesa zikishalipwa, mtoto atakuwa amejua nini? Mara nyingi huko ni kupitia karatasi za mitihani ya zamani tu. Mtoto anarudi na vyema kumi kwenye daftari, kisha unampa lita tatu za mafuta azitie katika chupa za robo lita, na hajui atahitaji chupa ngapi.

Wengi wetu tulisoma mpaka darasa la saba au la nane. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa shule ya msingi inaishia Gredi ya 6, halafu mtoto anaingia sekondari msingi. Hiyo miaka mitatu, ya 4 mpaka 6, ndiyo mtoto anatoka katika kuhesabu vitu vizima, mbuzi kumi, mayai thelathini, na kuingia katika hesabu za vipande: sehemu, desimali, asilimia, eneo. Asiposhika hapo, huko mbele mwalimu wa sekondari atajenga juu ya nini?

Tukiambiwa tuchague jambo moja tu, tunachagua sehemu. Nusu, robo, theluthi na ndugu zao. Na hatusemi ile kanuni ya kujumlisha peke yake. Mtoto anaweza kukariri kanuni na bado akakuambia robo ni kubwa kuliko theluthi, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Mpe chapati mbili. Moja aikate kwa watu watatu, nyingine kwa watu wanne, achague kipande chake. Hatachagua vibaya tena! Zile lita tatu pia ni hivyo. Tatu kugawa kwa robo ni kumi na mbili, na mtoto anashangaa kwamba amegawa na jibu limekuwa kubwa. Akishaziona chupa kumi na mbili zimepangwa mezani, mshangao umekwisha.

Kuna jambo la lugha hapa. Vijijini, mtoto hufundishwa kwa lugha ya nyumbani au Kiswahili mpaka Gredi ya 3, na kuanzia ya 4 hesabu yake inakuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo yale maneno anayosikia kwa mama yake sokoni na yale ya mwalimu hayakutani. Sisi tunaweza kuyakutanisha. Mwambieni kwamba kile anachoandika shuleni, moja juu ya nane, ndiyo thumuni. (Wazee watacheka, kwa maana thumni yao ilikuwa senti hamsini, nusu ya shilingi. Jina lilitoka katika pesa za zamani kabla ya shilingi, likabaki.)

Na thumuni si ya kuchezea. Ploti ya futi 50 kwa 100 inauzwa kila mahali kwa jina la thumuni ya ekari. Haya, tuhesabu. Hamsini mara mia ni futi za mraba 5,000. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Ukigawa kwa nane unapata 5,445. Zinapungua 445, yaani karibu chumba cha futi 20 kwa 22. Hatusemi kila muuzaji ni mwizi. Ni mazoea ya soko. Lakini mnunuzi ajue analipia nini. Hati nayo inaandikwa kwa hektari: ploti hiyo ni kama 0.046, na thumuni kamili ni kama 0.051. Sasa yule mtoto anayefikiri 0.25 inazidi 0.5, kwa sababu ishirini na tano inazidi tano, atakusaidiaje kusoma hati? Kosa hilo ni la kawaida sana, nanyi mnaweza kulipima leo jioni. Muulizeni kipi ni kizito, kilo 0.5 ya sukari au kilo 0.25.

Waya wa ua je? Shamba la mita 30 kwa 30 na shamba la mita 50 kwa 10 yote yanazungukwa na mita 120 za waya. La kwanza lina mita za mraba 900, la pili 500. Mtoto akipima kwa kamba na miguu yake mwenyewe, hatachanganya mzingo na eneo.

Tuje kwa riba, maana hapa vikundi vinavunjika. Mwanachama amekopa shilingi 6,000 kwa miezi sita, riba asilimia 10 kwa mwezi, na kila mwezi anarudisha 1,000 ya deni. Kikundi kimoja kinatoza riba juu ya 6,000 mpaka mwisho: 600 mara sita, 3,600. Kingine kinatoza juu ya deni lililobaki: 600, 500, 400, 300, 200, 100, jumla 2,100. Asilimia ni ileile, na tofauti ni shilingi 1,500. Mko wangapi mnaojua kikundi chenu kinafuata njia gani? Mkopo wa simu nao, wenye ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi, unaonekana mdogo. Katika 2,000 ni 150 tu. Lakini ukiufanya upya kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa 1,800 na ile 2,000 bado unadaiwa. Hesabu hiyo haimshindi mtoto wa Gredi ya 6 aliyeelewa asilimia. Inamshinda mtu mzima ambaye hakuelewa, na ndiye anayetia sahihi.

Halafu kuna wazazi wanaosema, ati simu ina kikokotoo, meza za kuzidisha ni za nini? Hapo hatukubaliani nao. Mpaka kumi mara kumi iwe kichwani. Kikokotoo hakidanganyi, kidole ndicho kinachokosea. Wanachama 48 wametoa 250 kila mmoja, na simu inasema 1,200. Mtoto aliyezoea kukadiria atasema mara moja: hamsini mara 250 ni 12,500, basi jibu liwe chini yake kidogo, hiyo sifuri imepotelea wapi? Kukadiria hivyo ndiko tunakotamani kuona kwa kila mtoto, na kwa mweka hazina pia.

Basi fedha mliyotaka kulipia masomo ya likizo, nunueni tepu ya mita 30, mizani ya kilo na kopo la lita lenye alama za mililita. Viwe mali ya kikundi, na mwalimu wa hesabu aviazime akivihitaji. Siku ya soko pimeni hata gorogoro, zile zilizobonyezwa chini zijulikane. Na siku ya merigoraundi, waiteni watoto wawili watatu wa Gredi ya 6 wajumlishe michango na kupiga riba mbele yenu, huku katibu akifanya zake kando, kisha mlinganishe. Ila majina yafunikwe kwa karatasi. Deni la jirani si somo la mtoto. Na jumla zikitofautiana, msianze kwa kumkemea mtoto. Rudieni mstari kwa mstari, yeye akiwa hapo hapo anaona.